Amplifaya ya valvu ikinguruma usiitupe, cheki kapasita kwanza (ila soma hapa kabla hujashika bisibisi)

Leo ni zamu ya wapiga gitaa na mafundi vijana.

Kuna zile amplifaya za zamani za valvu, ambazo ukiwasha inabidi usubiri kidogo zipate moto ndipo zitoe sauti. Ukikuta moja imelala stoo ukaichomeka, inanguruma tu mmmmmm, gitaa linasikika kwa mbali, halafu mtu anasema "hii imeshakufa, ipelekwe chuma chakavu". Jamani, mara nyingi haijafa. Zilizochoka ni kapasita, na kapasita bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na transfoma au valvu. Tatizo ni moja: kapasita hizo hizo zinaweza kukuua hata kama plagi umeshaichomoa ukutani. Kwa hiyo tuelewane vizuri.

KWANZA, KWA NINI VYOMBO VYETU VIMECHOKA HIVYO

Bendi nyingi za dansi za enzi zile zilikuwa za mashirika. NUTA Jazz kwa mfano, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Magitaa na maamplifaya yalikuwa mali ya mwenye bendi, mwanamuziki akihama anaondoka na vidole vyake tu. Halafu mwishoni mwa miaka ya 70 na miaka ya 80 fedha za kigeni zikawa adimu, kuagiza chombo kipya ikawa ishu kubwa. Kilichokuwepo kikapigwa viraka mpaka basi. Ndiyo maana ukifungua chombo cha wakati huo unaweza kukuta kapasita zilizotoka nazo kiwandani, umri wake unamzidi baba yako.

KAPASITA INAFANYA NINI?

Umeme wa ukutani ni volti 230, unageuka kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Transfoma inaupandisha, rektifaya inaulazimisha uende upande mmoja. Lakini bado unakuja kwa mapigo, 100 kila sekunde. Hapo ndipo kapasita kubwa zinapoingia. Fikiria tanki la maji nyumbani: maji ya bomba yanakuja na kukatika, lakini kwa kuwa tanki limejaa, wewe ukifungua koki yanatoka bila kukatika. Tanki likitoboka, unapata maji kwa mapigo yale yale ya bomba. Kwenye amplifaya hayo mapigo 100 ndiyo mngurumo unaousikia.

Ndani ya kapasita ya elektrolaiti kuna karatasi za aluminiamu zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyolowa kimiminika. Adui wa hicho kimiminika ni joto. Kwa makadirio ya mafundi, joto likipanda nyuzi 10, maisha ya kapasita yanapungua nusu. Sasa chukua boksi lenye valvu za moto, liweke ukumbini Dodoma mwezi wa kumi na moja, juu yake vumbi limeziba matundu ya hewa. Umeelewa. Na kukaa bila kuwashwa miaka mingi nako kunaziharibu, sio matumizi peke yake.

UTAJUAJE NI KAPASITA?

Chomoa waya wa gitaa, shusha volyumu mpaka sifuri. Kama mngurumo umepotea, shida iko mbele: waya, gitaa lenyewe au valvu ya kwanza. Kama mngurumo uko pale pale, zishuku kapasita kubwa za kuchuja umeme. Iliyovimba au kuvuja uchafu wa kahawia haina mjadala, inatoka. Iliyo safi kwa nje nayo usiiamini kama ina miaka 30 au 40.

Dalili ya hatari: ukiona bati la ndani la valvu kubwa linakuwa jekundu (sio ule mwanga mdogo wa katikati, huo ni wa kawaida), zima mara moja. Huenda kapasita ndogo inayoleta sauti kwenye valvu hiyo inavujisha umeme.

USALAMA, HAPA HAKUNA UTANI

Redio ndogo ya betri uliyozoea kufungua ina volti 3 au 6. Hii ina volti 300 mpaka 450 za umeme wa upande mmoja, na kapasita zinaubaki nao baada ya kuzima. Kwa hiyo:

1. Chomoa plagi kabisa. Swichi peke yake haitoshi.
2. Weka mita kwenye volti za DC, pima kila kapasita kubwa.
3. Toa umeme taratibu kwa resista ya kiloomu 10, wati 5 au zaidi, yenye waya na vibanio vilivyofunikwa vizuri. Ishikilie sekunde kadhaa, upande mmoja kwenye chasisi, mwingine kwenye mguu chanya. Ule mtindo wa kupiga shoti kwa bisibisi uache. Cheche inaharibu vitu na inaweza kukurukia machoni.
4. Pima tena. Subiri dakika chache, pima tena, maana kapasita huwa zinarudisha umeme kidogo.
5. Ukipima kitu kikiwa kimewashwa, mkono mmoja uwe mfukoni. Umeme ukiingia mkono huu na kutokea ule, njia yake inapita kwenye moyo.
6. Usifanye ukiwa peke yako. Kama huna mita, usifungue. Mpelekee fundi, umpe makala hii asome.

KUBADILISHA

Piga picha kwa simu kabla hujagusa chochote. Badilisha moja moja, usizing'oe zote kwa mpigo.

Volti za kapasita mpya ziwe sawa na za zamani au zaidi, kamwe zisiwe pungufu. Mikrofaradi zibaki karibu na zile zile. Mtu anaweza kudhani akiweka kubwa zaidi mngurumo utaisha kabisa, lakini kama rektifaya yenyewe ni valvu, kapasita ya kwanza ikizidi kiwango inaichosha. Valvu ya GZ34 kwa mfano mwisho wake ni mikrofaradi 60. Hapa ndipo kapasita iliyong'olewa kwenye TV mbovu inapokuponza: nyingi ni za volti 400 na mikrofaradi 100 au zaidi, halafu nayo imeshatumika. Ya kwenye kompyuta ndiyo kabisa, mara nyingi ni volti 200. Bora usubiri mtu anayekwenda Dar akuletee mpya.

Chanya na hasi usizibadilishe, ukikosea inaweza kupasuka. Zile ndogo za mikrofaradi 25 hivi, volti 25, zilizo karibu na valvu, nazo ni elektrolaiti, zibadilishe. Zile za karatasi za zamani zikivuja, weka za plastiki zenye volti zile zile au zaidi. Za seramiki na maika ziache kama zilivyo.

KABLA YA KUWASHA

Ondoa ile resista. Unganisha spika, maana kupiga amplifaya ya valvu bila spika kunaweza kuua transfoma ya kutolea sauti. Kama ni ya Marekani, angalia nyuma: nyingi ni za volti 110 hadi 120, ukiichomeka kwenye 230 yetu kazi yote imekwenda na moshi.

Halafu pitisha umeme kwanza kwenye balbu ya zamani ya wati 60 au 100 (ya waya, sio LED) iliyofungwa kwa mfuatano na amplifaya. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, ni dalili nzuri. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna shoti, zima urudi mezani. Na waya wa ardhi usiukate hata kama mtu anakwambia unapunguza mngurumo. Huo ndio unaokulinda wewe mwenye gitaa mkononi.

Vyombo hivi vimebaki vichache na havitaongezeka. Kabla hamjakiuza kwa kilo, hebu mkipe nafasi. Mwenye swali aandike hapo chini, ila ataje aina ya valvu na namba zilizoandikwa kwenye kapasita, tusaidiane.