Msimbo Ulio Wazi Haumwaniki Mgonjwa

Wasimamizi wa kliniki binafsi mtaani Milimani, Kisumu, kama wenzao wa miji mingine ya Kenya, wanapofikiria kuhamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka kwenye majalada hadi kwenye kompyuta, huuliza iwapo siri za wagonjwa hazitaanikwa ulimwenguni endapo mfumo umejengwa kwa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake, maelekezo yaliyoandikwa na wanaprogramu ili kompyuta iyatekeleze, unaruhusiwa kusomwa, kunakiliwa na kurekebishwa na mtu yeyote. Swali hilo limekwisha kujibiwa mara nyingi mno, na kila linaporudiwa huyaahirisha maswali ambayo yangemlinda mgonjwa kweli.

Msimbo si data. Msimbo hueleza jinsi jina, umri na matokeo ya vipimo yatakavyopokelewa, kupangwa na kutafutwa. Data yenyewe hukaa katika hifadhidata ndani ya seva, kompyuta inayozihudumia nyingine, chini ya mamlaka ya kituo husika, na haina sababu yoyote ya kupelekwa mahali wanaprogramu wanapochapisha msimbo wao. Fomu tupu za rejista ya kliniki huchapishwa kwa wingi na yeyote anaweza kusoma vichwa vya safu zake, lakini hakuna anayeweza kuujua ugonjwa wa jirani kwa kusoma fomu tupu.

Hofu hiyo hushangaza zaidi inapotoka magharibi mwa Kenya, ambako zana huria maarufu ya afya ilipata makao yake ya kwanza. OpenMRS ilianza mwaka 2004, watafiti wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, walipokuwa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi katika mpango wa matibabu ya VVU, na ilianza kutumika Eldoret Februari 2006. OpenMRS ni jukwaa, yaani msingi na vifaa ambavyo wanaprogramu wengine huvitumia kujengea mifumo yao, kila mmoja akiongeza moduli, kipande kinachopachikwa bila kuugusa msingi. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya umma vinavyotibu VVU nchini, imejengwa juu yake. Kwa hiyo kliniki inayoikataa zana hiyo kwa kuwa ni ya wazi inakataa kitu ambacho vituo vya umma vimekizoea kwa miaka mingi.

Dawa inayopendekezwa badala yake, kuficha msimbo, ni dawa ya matapeli, na ilikataliwa kabla kompyuta haijabuniwa. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, akiandika kuhusu mawasiliano ya siri ya jeshi, alishikilia kwamba mfumo bora ni ule unaoweza kuangukia mikononi mwa adui bila madhara, kwa sababu usalama wake umo katika ufunguo na hautegemei kutojulikana kwa muundo wake. Msimbo wa Windows umefichwa tangu mwanzo, na bado Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilipenya katika shimo la Windows na kuvuruga angalau thuluthi moja ya mamlaka za hospitali za umma nchini Uingereza, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuliziba shimo hilo mwezi Machi. Usiri haukuziokoa hospitali hizo. Kusasisha kompyuta kungeziokoa.

Hata hivyo, wapenzi wa programu huria nao wanapaswa kuacha imani yao ya kwamba macho mengi huona kila kasoro. Kasoro ya Heartbleed ilikaa ndani ya OpenSSL, zana inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi, kuanzia 2012 hadi Aprili 2014, msimbo ukiwa wazi kwa dunia nzima huku watunzaji wake wakihesabika kwa vidole. Mwezi Machi 2024, Andres Freund, mwanaprogramu wa Microsoft, alishangazwa na ucheleweshaji wa nusu sekunde hivi katika kuingia kwenye seva, akagundua kwamba mtu aliyejiita Jia Tan, baada ya kuchangia kwa zaidi ya miaka miwili na kuaminiwa na mtunzaji aliyekuwa amelemewa, alikuwa ameingiza mlango wa siri katika xz, zana ya kubana faili. Hila hiyo ilifichwa ndani ya faili za majaribio zisizosomeka kama maandishi, na kipande cha kuiamsha kikawekwa katika furushi la kusambazwa pekee, nje ya msimbo uliosomwa na wote. Iligunduliwa kwa sababu palikuwa na mtu mwenye ujuzi, muda na ruhusa ya kuufuata uzi hadi mwisho.

Nguvu ya zana, basi, imo katika kazi ya jumuiya. Badiliko hupendekezwa hadharani, hupimwa kwa majaribio ya kiotomatiki, na husomwa na mwanaprogramu mwingine kabla ya kukubaliwa. Kliniki inayoajiri fundi wa kuubadilisha msingi kimyakimya, bila kulirudisha badiliko lake kwa jumuiya, hujikuta na toleo la peke yake ambalo masasisho ya wenzake hugoma kuingia, na fundi huyo akiondoka, maarifa yote huondoka naye.

Yanayobaki kwa kliniki kufanya ni mafupi. Kila mhudumu awe na nywila yake, na ya aliyeacha kazi ifutwe siku hiyohiyo. Diski na chelezo, yaani nakala za akiba, zilindwe kwa usimbaji fiche, unaoifanya data isisomeke bila ufunguo. Chelezo zijaribiwe kurejeshwa. Viraka viwekwe vinapotoka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu taarifa za afya kuwa data nyeti na humtaka mwenye dhamana ya data kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba data imevuja na kuhatarisha wahusika. Ili jumuiya ya zana hiyo nayo ipate nguvu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno na vyuo vingine wanaweza kuanzia kazi zilizotengewa wachangiaji wapya, kuandika maelezo ya matumizi, au kutafsiri kwa Kiswahili na Kiluo. Mwenye kliniki naye atenge fedha za saa za mwanaprogramu anayechangia zana hiyo, na asitie saini mkataba wowote usiosema ni nani atakayeusasisha mfumo, na kwa muda gani.