Rangi ya Fedha: Umri au Ulaghai?

Neno fedha katika lugha yetu hubeba maana mbili, madini na pesa, na maana zote mbili hukutana katika sarafu kuukuu iliyolala sandukuni mwa bibi kwa miaka hamsini. Sarafu hiyo ikitolewa nje, aghalabu haiwi nyeupe tena. Imevaa rangi: pengine manjano hafifu ukingoni, pengine zambarau na buluu, pengine weusi mtupu. Mrithi huikimbilia majivu, ndimu au dawa ya meno, akaisugua hadi ing'ae kama kijiko kipya. Kwa kufanya hivyo huwa ameipunguza thamani kwa mkono wake mwenyewe, maana wakusanyaji wa sarafu huiheshimu rangi iliyoletwa na miaka, na baadhi yao huilipia mara nyingi zaidi ya bei ya sarafu nyeupe.

Penye bei hapakosi ujanja. Maadamu rangi imekuwa na soko, wamezuka watu wanaoitengeneza jikoni kwa siku moja. Swali ninalotaka kulizungumzia, hasa na walimu wa kemia na fizikia pamoja na wanafunzi wao, ni hili: jicho litatenganishaje rangi ya umri na rangi ya ulaghai?

Tuanze na kile kinachotokea. Fedha haili kutu kama chuma. Adui yake ni salfa. Hewani mna kiasi kidogo sana cha gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Karatasi duni, mpira na sufu nazo hutoa gesi za salfa. Gesi hizo zikikutana na fedha hufanya utando wa salfaidi ya fedha. Utando huo ukiwa mnene ni mweusi. Lakini ungali mwembamba, takriban mara elfu moja kuliko unywele, rangi tunayoiona juu yake si ya kupakwa hata kidogo. Nuru hugonga uso wa utando, sehemu yake ikarudi. Sehemu nyingine hupenya, ikagonga fedha iliyo chini, nayo ikarudi. Mawimbi haya mawili hukutana, na kulingana na unene wa utando baadhi ya rangi hufutika na nyingine hubaki. Ni jambo lile lile tunaloliona katika povu la sabuni, au katika mafuta ya gari yaliyomwagika juu ya dimbwi barabarani.

Kutokana na hayo, rangi hizi zina foleni, na foleni hiyo ndiyo mlaghai huisahau. Utando unapoanza, rangi huwa manjano ya dhahabu. Ukiongezeka huwa hudhurungi yenye wekundu, kisha zambarau, kisha buluu, kisha samawati iliyopauka. Ukizidi hapo, mzunguko huanza upya kwa manjano, waridi na kijani, na mwishowe hufika kijivu na weusi. Sarafu iliyozeekea ndani ya bahasha au kitabu cha karatasi aghalabu hushambuliwa kwanza ukingoni, hivyo rangi zilizokwenda mbali zaidi huwa pembeni na manjano huwa karibu na kati, kila moja ikiyeyukia katika jirani yake. Ukiona buluu kali imekaa kando ya fedha nyeupe, na kioo cha kukuzia kisionyeshe manjano wala zambarau kati yake, simama hapo uulize maswali.

Mfano mashuhuri zaidi ni wa Marekani. Dola za fedha ziitwazo Morgan, kwa jina la msanii aliyezichora, zilipigwa chapa tangu 1878 hadi 1904, na tena mwaka wa 1921. Ni nzito mfukoni na wengi hawakuzipenda, basi mamilioni yakalala katika hazina ya serikali ndani ya mifuko ya turubai, sarafu elfu moja kila mfuko. Nyingi hazikutoka humo hadi miaka ya 1962 hadi 1964. Sarafu iliyogusa turubai muda huo wote ilipata rangi upande mmoja, ilhali upande wa pili, uliobanwa na mwenzake, ulibaki mweupe. Nyingine zina upinde mweupe mfano wa mwezi mwandamo, mahali ilipolalia sarafu ya jirani. Nyingine zimechapwa alama za nyuzi za mfuko wenyewe. Kandokando ya herufi na nyota mara nyingi huonekana ukanda mwembamba usio na rangi. Zaidi ya yote, ile nuru inayozunguka juu ya sarafu mpya unapoigeuza chini ya taa bado i hai chini ya rangi.

Mlaghai hana miaka hiyo, hivyo hutumia joto na dawa za salfa. Mbinu zenyewe sitazieleza kwa kirefu, wanaozihitaji wanazijua. Yatosha kusema kwamba mara nyingi huwa ameiosha sarafu kwa asidi kwanza, na nuru hiyo hufa kabla rangi haijaja. Rangi yake huonekana kuelea. Huingia ndani ya mikwaruzo ya kusuguliwa, hujikusanya mabondeni mwa herufi, na hukoma ghafla kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema. Salfaidi ya fedha iliyofanyika kwa miaka sitini na iliyofanyika kwa dakika sita yaweza kuwa kitu kimoja. Maabara yataonyesha kwamba salfa ipo, wala hayatasema nani aliileta. Kampuni za Marekani za kupima ubora wa sarafu, kama PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, hukataa kuipa daraja kamili sarafu yenye rangi ya kutiliwa shaka, lakini uamuzi huo ni wa macho yaliyozoea, na macho hutofautiana. Tena kuna anayeiweka sarafu kwa makusudi ndani ya bahasha kuukuu yenye salfa na kungoja miaka kumi. Je, huyo naye ni mlaghai? Mimi nasema ubaya umo katika kunyamaza: akimweleza mnunuzi alichofanya, hakumwibia.

Kwetu Pwani suala hili lina sura nyingine. Riyali ya Maria Theresa, iliyotumika sana katika biashara ya Bahari ya Hindi, imeandikwa 1780, na mwaka huo huo umeendelea kupigwa juu yake baada ya malkia huyo kufariki, huko Vienna na pia katika miji kama London, Rome na Bombay. Mwaka ulioandikwa, basi, hauthibitishi umri. Ndiyo maana riyali mpya hutiwa weusi ili ipite kuwa ya kale. Tazama palipoinuka, mathalani shavu na bega la malkia. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu huchubuka hapo ikabaki kijivu cheupe, na weusi hujificha mabondeni. Ikiwa weusi umetanda sawasawa kila mahali, hata penye kulika, yaelekea weusi huo umekuja baadaye, na muuzaji ana deni la maelezo.

Mwalimu anayetaka kuyaonyesha haya darasani asiguse sarafu ya mtu. Achukue kipande cha mkufu wa fedha uliokatika, akisafishe, akiweke ndani ya chupa yenye mfuniko pamoja na yai lililochemshwa na kukatwa, visigusane. Wanafunzi wakitazame kila baada ya dakika chache, na kila rangi inapoingia waandike jina lake na saa yake.