Salamu za Desemba huko Marekani

Leo tutasoma habari za salamu mbili zilizowagombanisha watu wa Marekani.

Huko Krismasi ni sikukuu ya serikali tangu mwaka 1870. Lakini Wayahudi nao wana Hanukkah, ambayo mara nyingi huangukia Desemba. Basi mwenye duka amwambie nini mteja asiyemjua dini yake? Wengi walichagua kusema "Sikukuu njema", ili asiachwe mtu nje. Mwaka 2005 ugomvi ulikuwa mkubwa. Wakristo wengine walinung'unika kwamba jina la Krismasi linafichwa kwa kuogopa lawama, hata wakataka maduka fulani yagomewe. Wengine wakajibu kwamba hiyo ni adabu tu kwa jirani. Kila upande ulikuwa na neno lake, ila mimi naona kugomea duka kwa ajili ya salamu ni kuzidisha. Tena neno lile la Kiingereza lililolaumiwa, asili yake ni "siku takatifu"!

Sasa sikilizeni hili. Tangu mwaka 1966 wako Wamarekani weusi wanaoadhimisha Kwanzaa, tarehe 26 Desemba mpaka 1 Januari. Jina limetoka katika Kiswahili chetu, "matunda ya kwanza". Na salamu yake ni "Habari gani?" Lakini siku ya kwanza hawajibu "Njema" kama sisi. Hujibu "Umoja". Siku ya pili hujibu "Kujichagulia".

Haya, shikeni kalamu. Andikeni: Habari gani? Umoja.