Garimoshi Katika Mji Usio na Reli

Mji wa Butembo hauna reli, wala Beni haina. Reli iliyopata kufika karibu kuliko zote ni ile ya Uganda, iliyofika Kasese mwaka 1956, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, ili ichukue shaba ya Kilembe mpaka pwani. Nayo ilinyamaza katika miaka ya 1990. Upande wa kaskazini-magharibi kulikuwa na ile iliyoitwa Vicicongo, reli nyembamba iliyoanzwa kujengwa mwaka 1924 na kufika Mungbere mwaka 1937. Huko ndiko ilikoishia. Basi mtoto wa Butembo aweza kukua hadi kuwa kijana, akijua malori ya kila namna, na ndege pia, pasipo kuona garimoshi hata mara moja, ila katika picha.

Hata hivyo garimoshi liko Butembo. Liko madukani, hasa Noeli inapokaribia, ndani ya sanduku la karatasi lenye picha za kupendeza: kichwa cha garimoshi cha plastiki, mabehewa mawili au matatu, vipande vya reli vya kuunganishwa viwe duara, na tumboni mwa kile kichwa mahali pa kutilia mawe ya tochi. Wafanyabiashara wetu, ambao sifa yao imeenea mpaka Dubai na Guangzhou, ndio walioagiza kitu hiki. Kimevuka bahari hadi Mombasa, kimepanda lori kupita Nairobi na Kampala, kimeingia kwetu kwa mpaka wa Kasindi. Mtoto asimama mbele yake, hataki kuondoka. Baba ashika mfuko wake, akiwaza ada ya shule.

Tungependa leo kusema machache juu ya kitu hiki kidogo. Yumkini wasomaji wetu wengine watashangaa kusikia kwamba katika Ulaya na Amerika na Japani wako wazee wenye akili timamu, mahakimu, waganga, mapadre hata, ambao hutumia miaka yao yote kukusanya magarimoshi ya kuchezea ya zamani, na kubishana usiku kucha juu ya rangi ya gurudumu. Si wazimu. Tukieleza jinsi jambo lilivyoanza, mtaona.

Mwaka 1891, katika maonyesho ya biashara ya mji wa Leipzig, Ujerumani, kampuni iitwayo Märklin ilileta garimoshi la kuchezea lenye reli za kuongezwa kipande kwa kipande, na vipimo vya upana wa reli vilivyopewa namba. Zamani kila fundi alitengeneza kwa kipimo chake. Tangu siku ile mtoto aliyepewa garimoshi moja Noeli hii aliweza kupewa behewa jingine Noeli ijayo, nalo likakaa sawasawa juu ya reli zile zile. Wenye viwanda walitambua upesi kwamba hapo pana mali, kwa maana zawadi imekuwa kitu kisichokwisha.

Magarimoshi yale ya kwanza yalikuwa ya bati, na mengi yalikwenda kwa kamani, yaani kwa kutiwa ufunguo kama saa. Umeme ulifuata. Huko New York, mtu mmoja aitwaye Joshua Lionel Cowen alianzisha kampuni yake mwaka 1900, na mwaka uliofuata akatengeneza kigari wazi cha umeme kizunguke dirishani mwa duka, kikibeba bidhaa ili wapita njia wavutwe kuzinunua. Wapita njia walivutwa kweli, lakini wakataka kukinunua kile kigari! Ndivyo Lionel ilivyopata kuwa jina kubwa Marekani. Uingereza, Frank Hornby wa Liverpool alitoa magarimoshi yake mwaka 1920, na yale ya kwanza yaliungwa kwa parafujo na nati, hata mtoto aliweza kuyafungua yote na kuyaunga tena. Nasi twasema wazi kwamba hilo latupendeza kuliko mengine yote, kwa sababu mtoto alifundishwa kuunda, wala hakupewa kitu cha kutazama tu. Katika Japani kampuni ya Tomy ilianza mwaka 1959 na garimoshi la plastiki la kusukumwa kwa mkono, juu ya reli za rangi ya buluu. Mwaka 1961 likatiwa mota na betri. Yale masanduku yauzwayo Butembo, hata kama hayakutoka katika kiwanda hicho, ni wajukuu wa mawazo yale.

Sasa, mbona wazee wabishana? Kwa sababu kiwanda hakitoi kitu kimoja kile kile siku zote, ijapokuwa namba ya kitu imebaki ile ile katika orodha. Kalibu huchakaa, ikachongwa nyingine, na bomba la moshi likawa fupi kidogo. Rangi nyekundu humalizika ghalani, wafanya kazi wakatia ya kahawia kwa juma moja. Parafujo ya kichwa cha mstari mmoja hubadilishwa ikawa ya msalaba. Kiwanda huhamia nchi nyingine, na maandishi ya chini ya behewa hubadilika. Sheria hukataza rangi fulani yenye sumu. Mkusanyaji aligeuza garimoshi juu chini kwanza, kabla hajalitazama usoni, kama vile mnunuzi wa ng'ombe mwenye hekima atazamavyo meno. Kwa alama hizo hujua mwaka, pengine mwezi.

Kisa kimoja kinajulikana sana. Mwaka 1957 kampuni ya Lionel iliona kwamba wavulana tu ndio wanunuliwao magarimoshi, ikafanya garimoshi kwa ajili ya wasichana: kichwa cha rangi ya waridi, na mabehewa ya rangi laini laini kama peremende. Wasichana hawakulitaka. Walisema, au kwa matendo walionyesha, kwamba wakipewa garimoshi basi liwe kama garimoshi la kweli. Masanduku yakalala madukani. Leo, kwa kuwa yaliuzwa machache, wakusanyaji huyatafuta kwa fedha nyingi, na walaghai wamefika hata kupaka rangi ya waridi vichwa vya kawaida ili wadanganye watu. Akina mama wasomao ukurasa huu hawatahitaji tuwaeleze fundisho la wenye viwanda wale.

Wakusanyaji hawa wamejiunga katika vyama. Kile kikubwa cha Marekani kilianzishwa mwaka 1954. Wanazo kanuni zao. Garimoshi lililopakwa rangi upya hupoteza thamani, hata likipendeza zaidi. Sanduku la karatasi, lile ambalo mtoto hulirarua kwa sekunde moja, laweza kutafutwa sawa na kile kilichokuwa ndani. Januari 2005 wezi walivunja jumba la makumbusho la Märklin huko Göppingen wakachukua magarimoshi ya thamani ya zaidi ya euro milioni moja. Baadaye yalipatikana.

Upana wa reli nao ni habari ndefu, na sisi watu wa Kongo twaweza kuielewa upesi. Reli ya Matadi, iliyofunguliwa mwaka 1898, ilikuwa nyembamba, ikapanuliwa kabla ya mwaka 1932 iwe ya milimita 1,067 kama ile ya Katanga. Vicicongo ilikuwa ya milimita 600. Ile ya Uganda ni ya milimita 1,000. Behewa la mmoja haliwezi kukanyaga reli ya mwingine. Watoto wa Ulaya wamelia machozi kwa sababu hiyo hiyo: wamepewa behewa zuri na mjomba, halikai katika reli zao. Hata magarimoshi ya Thomas, yajulikanayo na watoto karibu wote duniani, yalibadilishiwa umbo la reli mwaka 2014, na zile za zamani hazikuungana nazo pasipo kipande cha kati.

Tumemtaja Thomas. Yafaa wazazi Wakristo wajue alikotoka. Wilbert Awdry alikuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana katika Uingereza. Wakati wa vita vikuu vya pili, mwanawe mdogo Christopher aliugua surua, akalazwa katika chumba chenye giza. Baba akamsimulia hadithi za vichwa vya magarimoshi vyenye nyuso na tabia za watu, wengine wenye majivuno, wengine wavivu. Mama ndiye aliyesisitiza kwamba hadithi zile ziandikwe, na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1945. Lakini mtoto alitaka pia kitu cha kushika mkononi. Baba akachukua mpini wa ufagio na vipande vya mbao vilivyotupwa, akamchongea kichwa cha garimoshi na mabehewa. Mtoto akataka kile kikubwa kiitwacho Gordon. Kilikuwa kigumu mno kukichonga, basi baba akamtengenezea kidogo, nacho kikaitwa Thomas. Mamilioni ya vile vya plastiki vyenye mota, vitokavyo viwandani Asia, vimezaliwa na mpini wa ufagio.

Sasa turudi kwetu. Katika mitaa ya Butembo na Beni, na katika vijiji vya barabara ile ya kilomita hamsini na kitu iliyo kati ya miji hiyo, hakuna mtoto asiyejua kuunda lori. Achukua waya, debe la sadini, vifuniko vya chupa, ndala iliyokatika ambayo hukatwa iwe magurudumu. Fimbo ndefu huja mpaka mikononi mwake, na juu yake usukani. Mwingine achonga mbao, akajifanyia chukudu dogo mfano wa yale makubwa ya mti wa mkalitusi yabebayo viazi na makaa; nalo lina breki yake ya kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma. Wako vijana hodari zaidi, watoao mota ndogo katika redio ya kaseti iliyokufa, wakaifunga chini ya lori la bati, wakatia mawe mawili ya tochi, na lori likaenda lenyewe.

Je, kazi hizi hazibadiliki mwaka kwa mwaka? Zabadilika sana! Lori la waya lafuata sura ya lori lililoonekana barabarani. Pua ya lori ilipokuwa ndefu, ya waya ilikuwa ndefu. Malori ya pua bapa yalipoenea, watoto nao wakakata pua. Debe la maziwa la chapa fulani latoka sokoni, na mabawa ya malori yanabadilika rangi mtaa mzima. Mtoto wa Butembo huenda akakunja waya wa mlango kwa namna asiyoijua mtoto wa Oicha. Tungekuwa na lori moja moja la kila miaka mitano tangu mapadre wa Asumpsio walipofika nchi hii mwaka 1929, tungeweza kusoma humo historia ya barabara zetu zote. Hatunalo hata moja. Mkusanyaji wa Ulaya ajua parafujo ya mwaka 1920; sisi hatujui babu yetu alichezea nini.

Sababu moja ni kwamba kazi ya mtoto huhesabiwa takataka, ikafagiliwa. Sababu ya pili ni nzito. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni, Mbau, Oicha na Eringeti wamechinjwa na kukimbizwa mara nyingi mno. Familia ikikimbia usiku hubeba godoro, sufuria na mtoto mchanga. Lori la waya hubaki uani. Twafahamu kwamba mtu aliyefiwa hawezi kulaumiwa kwa kusahau kitu kama hicho. Lakini mtoto hakulisahau. Ukimpa waya huko alikokimbilia, jambo la kwanza ataunda lile lile alilolipoteza, nyumba ya watu wasiomjua ikiwa bado haijamzoea.

Kwa hiyo baba asimamaye dukani na mfuko wake, twamwambia hivi: ada ya shule kwanza, pasipo shaka. Ikiwa fedha imebaki na moyo wapenda, anunue, wala asione haya. Garimoshi la plastiki si dhambi. Ila atazame mambo mawili. Kifuniko cha betri kiwe na parafujo. Vitu vingi vya kuchezea vya bei rahisi vina betri ndogo bapa mfano wa kifungo, na mtoto mdogo akiimeza ikakwama kooni yaweza kumchoma vibaya katika muda wa saa mbili tu. Asitapishwe, asingojewe mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali saa ile ile, na mganga aambiwe waziwazi kwamba ni betri. La pili, mtu akipata cha zamani cha bati kilichopakwa rangi, asimpe mtoto mchanga akitie kinywani, kwa kuwa rangi nyingi za kale zilikuwa na risasi ndani yake.

Na yule asiyenunua, mwenye mtoto aundaye mwenyewe, achague lori moja, lile ambalo mtoto mwenyewe asema ni bora. Afunge juu yake kikaratasi: jina la mtoto, umri wake, mtaa au kijiji, mwaka, na jina la aliyemfundisha kukunja waya. Kama lina mota, mawe ya tochi yatolewe kwanza, maana yakikaa humo huvuja maji makali na kula bati. Lifungwe katika kitambaa kikavu, liwekwe juu ya kabati pamoja na cheti cha ubatizo. Waya ukianza kushika kutu, upakwe mafuta kidogo ya cherehani.