Mnyama Mpole Mwenye Mkia wa Miiba

Sisi tukaao Garsen hatuhitaji kufundishwa habari za mkia. Mtoto achotaye maji ukingoni mwa Tana huonywa mapema kwamba mamba hapigani kwa meno peke yake. Tena mwenye shamba la mihogo amjua nungunungu, mnyama asiyewinda mtu, ambaye akibanwa humgeuzia adui mgongo na kumwendea kinyumenyume. Siku moja mbwa wa jirani yangu alirudi alfajiri mdomo umejaa miiba, tukashinda asubuhi nzima tukiing'oa kwa koleo.

Basi msomaji na awachanganye hao wawili, naye atapata kwa mbali umbo la hayawani aliyeishi yapata miaka milioni 150 iliyopita huko Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania. Mwaka 1915 mtaalamu wa Kijerumani, Edwin Hennig, alimpa jina la Kentrosaurus, yaani mjusi mwenye ncha kali. Urefu wake, tangu pua hadi mwisho wa mkia, ulikuwa kama futi 15. Kichwa kilikuwa kidogo, ubongo mdogo zaidi, na meno yake yalifaa kukatia majani tu.

Shingoni na mgongoni alikuwa na mabamba ya mfupa, mawili mawili. Kisha kuelekea nyuma mabamba hayo yaligeuka kuwa miiba mirefu hadi ncha ya mkia. Lakini asidhaniwe kuwa ni kobe. Ubavu wake haukufunikwa na ganda, wala hakuweza kujikunyata na kungoja adui achoke. Ilimpasa kupigana. Mwaka 2011 Heinrich Mallison alieleza, kwa hesabu za kompyuta, jinsi alivyoweza kufanya hivyo. Uzito wa mwili uliegemea miguu ya nyuma, kwa hiyo mnyama aliweza kuzunguka upesi juu ya miguu hiyo, mkia ukimwelekea adui daima. Mkia wenyewe ulipinda sana kulia na kushoto, na pigo lake lilitosha kupasua ngozi na kuvunja mbavu. Mla nyama mwenye njaa alikuwa na sababu ya kutafakari mara mbili.

Ulikuwapo pia mwiba mmoja kila upande wa mwili. Zamani wataalamu waliuweka nyongani; siku hizi wengi wauweka begani. Hata wenye elimu hubadili mawazo, nami sioni aibu katika hilo.

Mifupa hiyo ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, nchi ikiwa bado na majeraha ya Vita vya Maji Maji. Wajerumani walisimamia, lakini waliochimba, waliofunga mizigo na kuichukua kwa miguu hadi bandari ya Lindi walikuwa mamia ya Waafrika. Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wao, atajwa vitabuni hata leo. Majina ya wengi wa wenzake hayajulikani. Mimi ni karani, na kazi yangu ni kuandika majina ya watu. Jambo hili laniuma kuliko nilivyotazamia nilipoanza kusoma habari za mjusi.

Mifupa yake imesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, mkia umeinuliwa, miiba yote ikitazama nyuma.