Chumba Cheupe Chenye Vitu Vichache Kilitoka Wapi?

Bila shaka wengi wenu mmewahi kuona katika kalenda au magazeti picha za nyumba za Skandinavia, yaani Denmaki, Norwei na Uswidi, pamoja na za jirani yao Ufini. Kuta ni nyeupe. Sakafu ni mbao tupu zilizosuguliwa. Pana meza, viti vichache vya mbao nyepesi, taa moja, na chungu cha maua dirishani. Hakuna kabati la vyombo linalogusa dari, wala vitambaa vya kufumwa juu ya kila kochi. Aliyezoea sebule zetu hujiuliza: je, watu hawa wanahama, au bado hawajamaliza kununua vyombo?

Siku hizi mtindo huo unauzwa duniani kote kama pambo la watu wenye uwezo. Lakini mwanzo wake haukuwa pambo tu. Kwa sehemu kubwa ulitokana na mambo mawili yaliyowatesa watu wa nchi hizo: giza la majira ya baridi, na ugonjwa wa kifua kikuu. Ndiyo maana tunauzungumzia katika ukurasa huu wa afya.

ZILIKUWA NCHI ZA MASKINI

Tukizitaja nchi hizo leo, tunafikiria utajiri. Katika karne ya 19 mambo hayakuwa hivyo. Kati ya miaka ya 1850 na 1920 Waswidi zaidi ya milioni 1 walihamia Marekani, wengi wao wakikimbia njaa na ukosefu wa ardhi. Huko Norwei ukoma ulikuwa bado unawasumbua watu. Ni katika mji wa Bergen, mwaka 1873, ambapo daktari Gerhard Armauer Hansen aligundua vijidudu vinavyouleta.

Familia ya mkulima mdogo au kibarua mara nyingi iliishi katika chumba kimoja. Humo walipika, walifuma, walilala, walizaa na kuuguza. Madirisha yalikuwa madogo, na baridi ilipoanza mianya yake ilizibwa ili joto lisitoke. Mgonjwa mmoja akikohoa usiku kucha, wote walivuta hewa hiyo hiyo mpaka asubuhi.

Matajiri nao walikuwa na tatizo lao. Mtindo wa wakati ule ulitaka mapazia mazito, mazulia kila mahali, karatasi za ukutani zenye rangi iliyoiva, na viti vilivyochongwa maua. Chumba kilijaa hadi mwanga ukakosa pa kuingilia.

Mwaka 1882 daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kwamba amevigundua vijidudu vya kifua kikuu. Ikawa wazi kwamba ugonjwa ule haukuwa mkosi wa ukoo, wala haukurithiwa katika damu, bali uliambukizwa kutoka mtu hadi mtu. Norwei ilitunga sheria maalumu ya kupambana nao mwaka 1900. Madaktari na vyama vya hiari wakaanza kufundisha watu: usiteme mate sakafuni, fungua dirisha, osha nyumba yako. Basi nyumba yenyewe ikawa jambo la afya.

MWANGA UNAPATA HESHIMA

Ili kuelewa mapenzi ya watu hao kwa mwanga, yafaa tukumbuke mahali wanapoishi. Mjini Stockholm, mwishoni mwa Desemba, jua huonekana kwa saa 6 hivi tu kwa siku. Huko Tromsø, kaskazini mwa Norwei, halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mwanga kidogo unaopatikana haufai kupotea. Ukuta mweupe huurudisha chumbani. Ukuta wa rangi nzito huumeza. Pazia jepesi huupitisha. Pazia nene huufukuza.

Sayansi nayo iliongeza heshima hiyo. Niels Finsen, daktari aliyefanya kazi Copenhagen, mji mkuu wa Denmaki, alitumia miale ya taa kubwa za umeme kutibu kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa ukila nyuso za watu. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobeli. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa miaka mingi, akafariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 43.

Wakati huo huo walitokea walimu wa nyumba. Huko Uswidi mwandishi Ellen Key alitoa mwaka 1899 kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni "Uzuri kwa Wote". Alifundisha kwamba uzuri wa nyumba si mali ya matajiri peke yao, na kwamba kitu kinachofanya kazi yake vizuri, bila madoido, kinaweza kuwa kizuri hata kikiwa cha bei nafuu. Mwaka huo huo mchoraji Carl Larsson alichapisha picha za nyumba yake katika kijiji cha Sundborn. Mkewe Karin ndiye aliyefuma vitambaa na kubuni fanicha nyingi za humo. Waswidi waliona katika picha zile vyumba vyenye mwanga, mbao zilizopakwa rangi, maua dirishani, na watoto wakicheza bila kuogopa kuharibu kitu. Wengi wakatamani kuishi hivyo.

HOSPITALI ILIYOFIKIRIWA KAMA NYUMBA

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Ufini. Mwaka 1933 ilifunguliwa huko Paimio hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, iliyojengwa katikati ya msitu wa misonobari. Waliobuni majengo na vifaa vyake ni Alvar Aalto na mkewe Aino. Siku hizo dawa ya ugonjwa huo ilikuwa haijapatikana. Mgonjwa alipewa kupumzika, chakula kizuri, hewa safi na jua, tena kwa miezi mingi. Kwa hiyo wabunifu walijiuliza: mtu anayelala chali siku nzima anahitaji nini?

Majibu yao yanastahili kutazamwa moja moja. Dari ya chumba cha mgonjwa ilipakwa kijani tulivu, kwa kuwa dari ndiyo aliyoitazama saa zote. Taa iliwekwa mahali ambapo haitamchoma macho. Kila chumba kilikuwa cha wagonjwa wawili, na sinki lilichongwa kwa mteremko ili maji yadondoke kimya, mmoja akinawa asimwamshe mwenzake. Fanicha zilikuwa chache na laini, zisizo na pembe za kukusanya vumbi. Kiti cha kupumzikia kilitengenezwa kwa mbao nyembamba za mti uitwao betula, zilizogandishwa na kupindwa, na mgongo wake ulilazwa ili mgonjwa apumue kwa nafasi. Mbao zilipendelewa kuliko chuma kwa sababu chuma ni baridi mwilini.

Kiti hicho kinauzwa mpaka leo kwa bei kubwa, nacho huwekwa katika sebule za watu wenye afya njema. Ni wachache wanaokikalia wakijua kwamba kilibuniwa kwa ajili ya mtu anayehangaika kupata pumzi.

HAIKUTOSHA KUPENDEZA

Tusidhani kwamba picha nzuri ziliwafikia wote mara moja. Mwaka 1930 yalifanyika Stockholm maonyesho makubwa ya nyumba mpya zenye madirisha mapana na vyombo vyepesi. Lakini miaka 8 baadaye, mwaka 1938, mwandishi Ludvig Nordström alizunguka Uswidi na kueleza redioni aliyoyaona: nyumba zenye unyevu, msongamano na uchafu. Akaiita nchi yake "Uswidi ya Uchafu". Taifa likaona aibu.

Kilichofuata ni kazi ndefu. Mwaka 1944 iliundwa taasisi ya utafiti wa kazi za nyumbani, na wataalamu wake wakapima hata kimo cha meza ya jikoni ili mama asiumie mgongo. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1974 Uswidi ilijenga makazi yapatayo milioni 1. Hapo ndipo dirisha kubwa, jiko lililopangwa vizuri na choo cha ndani vilipokuwa vitu vya kawaida kwa familia ya mfanyakazi. Uzuri ule ulihitaji sera na fedha, si ushauri wa magazeti peke yake.

WALIPATIA WAPI, WALIKOSEA WAPI?

Hapa, wapendwa, tuwe waangalifu. Watu wa wakati ule waliogopa sana vumbi, wakidhani makohozi yaliyokauka kwenye zulia na mapazia ndiyo njia kuu ya kuambukiza. Leo tunajua kwamba kifua kikuu husafiri hasa katika hewa. Mgonjwa ambaye hajaanza dawa akikohoa, hutoa chembechembe ndogo zisizoonekana, nazo huweza kuelea kwa saa nyingi katika chumba kilichofungwa. Sababu waliyoitoa ilikuwa na kasoro, lakini dirisha walilolifungua lilikuwa sahihi. Hewa inayopita huzipunguza chembechembe hizo, na miale ya jua huua vijidudu.

Tena, nyumba nzuri haikumponya mtu. Huko Paimio na kwingineko wengi walifariki huku wakiwa na hewa safi na kiti kizuri. Uponyaji ulikuja na dawa. Streptomycin iligunduliwa Marekani mwaka 1943, na katika miaka hiyo hiyo daktari Jörgen Lehmann wa Gothenburg, Uswidi, alipata dawa nyingine iitwayo PAS. Zilipotumiwa pamoja zilifanya kazi vizuri zaidi kuliko moja peke yake, na mwaka 1952 ikaongezeka isoniazid. Hata hivyo, katika nchi hizo vifo vilikuwa vimeanza kupungua kabla ya dawa hizo. Wataalamu hubishana ni sifa kiasi gani iende kwa nyumba, kwa chakula, au kwa kuwatenga wagonjwa, lakini msongamano na hewa nzito hakuna anayevitetea.

NA UTULIVU JE?

Chumba kisichojaa vitu hupumzisha pia akili. Katika nchi hizo giza la baridi huwaletea baadhi ya watu huzuni nzito inayorudi kila mwaka, na madaktari huitibu, pamoja na njia nyingine, kwa taa zenye mwanga mkali. Jioni, lakini, hawapendi taa kali moja katikati ya dari. Tangu miaka ya 1920 Mdenmaki Poul Henningsen alibuni taa zenye vifuniko vinavyoficha balbu, ili mwanga ulainike kabla ya kufika machoni. Na tarehe 13 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Lusia, ambayo Waswidi wameitunza ingawa wengi wao ni Walutheri, msichana huvaa taji la mishumaa na kuongoza wenzake wakiimba gizani. Kwa watu hao mwanga ni faraja kabla ya kuwa pambo.

TUNAWEZA KUCHUKUA NINI?

Kuiga picha kwa kununua fanicha mpya nyeupe ni kukosa maana yake. Mengi yaliyo bora katika mtindo huo hayana gharama:

1. Tazama dirisha lako. Je, kuna kabati, godoro au masanduku yaliyoliziba? Yahamishe. Fungua madirisha ya pande mbili zinazoelekeana, au dirisha na mlango, ili hewa ipite. Kumbuka kwamba kioo huzuia sehemu kubwa ya miale inayoua vijidudu. Dirisha lililofungwa huleta mwanga, haliingizi hewa.

2. Usisahau mbu. Wenzetu wa kaskazini hawana malaria, sisi tunayo. Weka wavu dirishani ukiweza, na kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa.

3. Punguza vitu sakafuni na chini ya vitanda, ufagio na kitambaa chenye maji vipite. Waswidi huvua viatu mlangoni, desturi ambayo familia nyingi kwetu wanaijua vizuri.

4. Ukipaka rangi, chagua nyeupe au nyepesi. Chokaa yatosha. Ukinunua rangi ya mafuta, uliza kama haina madini ya risasi, kwa maana hudhuru ubongo wa watoto.

5. Palipo na mgonjwa wa kifua, mpe chumba chenye hewa nyingi kuliko vyote, na kama inawezekana alale peke yake mpaka mganga atakaposema si hatari tena. Mchana mwekeeni kiti nje, kivulini. Msimfiche katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, kwa kuwa humo ndimo anapoweza kuwaambukiza wanaomhudumia.

6. Anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi aende zahanati akapimwe makohozi. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6, nayo humalizwa hata kama mtu anajisikia amepona. Dawa ndiyo inayomponya mgonjwa. Hewa safi huwalinda wanaomuuguza.

Na kabla ya kununua kabati jingine la sebuleni, tafadhali pima kwanza litakaa wapi, na litaziba dirisha gani.