Dawa za kutuliza mapigo huweza kumdhuru mwenye amiloidosi ya moyo

MOYO unapokwenda mbio bila mpangilio, jambo la kwanza analowaza daktari ni kuutuliza. Kwa mgonjwa wa amiloidosi, hatua hiyo yaweza kumzidishia maradhi.

Ugonjwa huu hutokea wakati protini zinapojikunja vibaya, zikageuka nyuzi na kujipenyeza katika misuli ya moyo. Aina moja hutokana na transithiretini, protini inayotengenezwa katika ini. Nyingine huanzia kwenye chembe zilizoharibika katika uboho.

Kuta za moyo huwa nene na ngumu, nao ukashindwa kulegea ili upokee damu ya kutosha. Kwa kuwa damu inayosukumwa kwa kila pigo ni kidogo, wala haiongezeki kwa urahisi, moyo hufidia upungufu huo kwa kupiga upesi. Hapo ndipo penye hatari. Dawa za kupunguza kasi, zikiwemo zile za jamii ya beta, verapamili na diltiazemu, humpokonya mgonjwa tegemeo hilo. Shinikizo la damu hushuka, na pengine akazirai. Dijoksini nayo hutolewa kwa uangalifu na kwa kipimo kidogo, kwani imeonekana kushikamana na nyuzi hizo.

Ndiyo maana wataalamu wengi huchagua amiodaroni, ijapokuwa nayo yaweza kudhuru tezi ya shingo, mapafu na ini.

Vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka badala ya kupiga, damu hutuama na kuganda. Donge likifika ubongoni, huleta kiharusi. Wagonjwa wengine hukadiriwa kwanza kwa umri, kisukari na shinikizo la damu kabla ya kupewa dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye amiloidosi hupewa bila kungoja hesabu hiyo, isipokuwa akiwa katika hatari kubwa ya kuvuja damu. Hata kabla ya kuushtua moyo kwa umeme, hupitishiwa kooni kifaa cha mawimbi ya sauti, maana madonge yamepatikana hata kwa waliokuwa wakimeza dawa hizo.

Wapo ambao shida yao ni kinyume: umeme wa moyo hukatika njiani, mapigo yakawa machache mno. Hao hupachikwa kifaa cha kuongoza mapigo.

Tafamidisi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa aina ya transithiretini, hupunguza kasi ya ugonjwa wenyewe, lakini haiondoi nyuzi zilizokwisha kujikita. Ilipoanza kuuzwa huko, bei yake ilikuwa takriban dola 225,000 kwa mwaka.